Kishikwambi badala ya kompyuta mpakato: ninavyofanya kazi Dodoma mjini na vijijini

Ushauri mbaya kuliko wote kuhusu kishikwambi ni ule wa muuzaji: "Chukua hiki chenye RAM kubwa, ongeza kibodi, hapo tayari una kompyuta." Wa pili kwa ubaya ni wa wale wanaosema kishikwambi ni cha watoto kutazamia katuni. Hao wakumbuke kwamba Sensa ya Agosti 2022 ilifanywa kwa vishikwambi, na baadaye vikapelekwa kwa walimu. Mimi nakusanya takwimu za wakulima na kuandika ripoti, kuanzia mashamba ya zabibu ya Mpunguzi hadi majaruba ya mpunga ya Bahi, na kazi yote inapita kwenye kishikwambi. Si RAM inayoamua kama utaweza. Ni umeme, na aina ya faili unazoletewa na watu.

Umeme kwanza, kwa sababu hapo ndipo mpakato unaposhindwa. Chaja yake ni ya wati 45 hadi 65, na pawabenki nyingi za kawaida hazifiki huko. Kishikwambi kinaridhika na wati 10 au 15. Pawabenki ya mAh 20,000 ina kama wati-saa 74. Betri ya mAh 7,000 ya kishikwambi cha inchi 11 ni kama 27. Ukitoa kinachopotea njiani, unakijaza karibu mara mbili. Usikichaji juani wala kwenye dashibodi ya gari: kikipata joto kinapunguza chaji au kinaikataa kabisa, na watu hukimbilia kulaumu waya. Vumbi letu nalo huziba tundu la chaji. Kizime kwanza, lisafishe kwa kijiti cha meno cha mbao, usiingize pini.

Kwa madodoso natumia KoboCollect, programu ya kukusanyia takwimu. Ni ya Android, kwa hiyo mwenye iPad atajazia kwenye kivinjari. Dodoso tupu lipakue ukiwa bado mjini, ujaze shambani bila mtandao, utume ukirudi. Ukichukua alama ya GPS, simama mahali pa wazi usubiri namba ya usahihi ishuke hadi mita 5. Kabla ya kununua uliza kama GPS imo. iPad ya Wi-Fi pekee haina, na muuzaji hatakwambia.

Kuhusu ukubwa wa kioo kuna jambo ambalo wengi hulijua wakishalipa. Word na Excel za vifaa vya mkononi huruhusu kuhariri bure kwenye kioo kisichozidi inchi 10.1. Kikizidi hapo unasoma tu, hadi ulipie usajili. Google Docs na Sheets hazina sharti hilo, ila hati ya Word yenye nembo na majedwali inaweza kusogea mistari. Ya kuchapishwa steshenari igeuze PDF kwanza, kila mara. Flashi yako iwe imefomatiwa kwa mfumo wa FAT32 au exFAT, maana ya NTFS vishikwambi vingi haviifungui, na FAT32 haipokei faili moja la zaidi ya GB 4.

Sasa makro, yaani amri zilizopangwa ndani ya jedwali zijiendeshe zenyewe. Ofisi nyingi zina jedwali la Excel lenye vitufe: unabonyeza, ripoti inajipanga. Kwenye kishikwambi jedwali linafunguka, namba zinaonekana, kitufe hakifanyi lolote, kwa sababu Excel ya mkononi haiendeshi makro. Hapa ndipo watu hukata tamaa wakarudi kwenye mpakato, na hapa ndipo mbinu ninayoipenda kuliko zote inapofanya kazi. Kompyuta ya mezani ya ofisini iache palepale ilipo. Iwekee Chrome Remote Desktop, programu ya kuendesha kompyuta ukiwa mbali, uizuie isilale, kisha uiendeshe kutoka kwenye kishikwambi. Chagua hali ya kishale cha kipanya, si ya mguso, la sivyo vidole vitafunika vitufe vidogo vya Windows. Kipanya cha Bluetooth kinarahisisha zaidi.

Watu wengi huishia hapo, halafu umeme unakatika ofisini, unarudi, na kompyuta inabaki imezimwa huku wewe uko Kondoa. Dawa yake iko ndani ya BIOS, mipangilio ya msingi ya kompyuta inayofunguliwa kabla Windows haijawaka. Ingia kwenye sehemu ya Power, tafuta mstari unaoieleza mashine ifanye nini umeme ukirudi, uuweke Power On. Kuanzia hapo umeme ukirudi kompyuta inajiwasha yenyewe, ruta inajiwasha, na unaweza kuweka nenosiri la Windows kutoka huko uliko hata kama hakuna mtu ofisini. Bando linaliwa kiasi na mtandao dhaifu unaikwamisha, hivyo kazi ya makro ifanye ukiwa mjini.

Mikutanoni shida ni projekta. Waya wa USB-C kwenda HDMI hautoi picha kwenye kila kishikwambi: tundu lisilo na DisplayPort, yaani uwezo wa kupitisha picha, halitoi picha hata ununue waya wa bei gani. Galaxy Tab A9+ ni mfano, ina DeX (mwonekano wa kompyuta wa Samsung) kwenye kioo chake lakini haitoi picha kwa waya. Beba kidude cha HDMI cha Miracast, yaani cha kurusha picha bila waya, ni bei ya kawaida tu. Kinaunganika moja kwa moja na vishikwambi vingi vya Android, bila intaneti; iPad haina Miracast. Nguvu yake usiitoe kwenye tundu la USB la projekta, kwa sababu mengi hutoa nusu ampea na kidude kitajizima na kujiwasha katikati ya mada. Kichomeke kwenye pawabenki. Na kwenye flashi weka nakala ya PDF, maana projekta nyingine hazina HDMI, zina tundu la zamani la VGA tu, na hapo utaomba kompyuta ya mwenyeji.

Mifumo ya kujaza kwa kivinjari ikificha vitufe vyake, washa Desktop site kwenye menyu ya Chrome. Kitufe cha kutuma kikiwa bado hakionekani, punguza ukubwa wa maandishi kwenye mipangilio ya kishikwambi chenyewe.