Jinsi Nilivyowatofautisha Sambaza na Samaki Wadogo Wengine wa Ziwa Kivu

Hapa Bukavu ninanunua sambaza wabichi alfajiri, wavuvi wa taa wanapofika ufukweni, na wateja wangu walikuwa wakilalamika kwamba ndoo ina mchanganyiko. Rangi haikunisaidia, kwa kuwa madoa ya buluu ya Lamprichthys tanganicanus, samaki aliyeonekana Kivu kwa mara ya kwanza mwaka 2006, hufifia akishakufa. Ndipo nilipogeukia umbo. Sambaza (Limnothrissa miodon), aliyeletwa kutoka Ziwa Tanganyika kati ya 1958 na 1960, ana pezi moja fupi na laini katikati ya mgongo, na ukipitisha kidole chini ya tumbo lake kutoka mkiani kuelekea kichwani, magamba ya hapo hukwaruza kama msumeno mdogo. Lamprichthys hana makali hayo, na pezi lake la mgongoni limesogea nyuma, juu ya pezi refu la chini. Samaki mdogo wa tatu, Haplochromis, hasumbui: pezi lake refu la mgongoni lina miiba, nayo huchoma kweli. Wachanga kabisa ninawaweka kwenye sahani nyeupe yenye maji, ambamo mapezi hutanuka yakaonekana vizuri. Mama anayeniuzia sasa hunikubalia kuchambua kabla ya kupima, ingawa bei ameipandisha kidogo.