Kasha la Mashine ya Kuchora

Paka ndio walionipeleka kwa ami. Anayeijua Amu, yaani Lamu yetu yenye paka wengi, atanielewa: kitu chembamba kinachokwenda na kurudi juu ya meza hakimpiti paka hivi hivi, na mashine yangu ya kuchora ilikuwa na mikono miwili myembamba iliyokwenda na kurudi bila kuchoka. Kila nikiiacha ichore nikaenda kuswali, nilirudi nikakuta karatasi ina nyayo na kalamu iko uvunguni.

Mashine yenyewe haikuwa na mambo mengi. Mota mbili zimekaa sambamba, kila moja inazungusha sahani ndogo ya alumini. Ukingoni mwa kila sahani pana pini, kwenye pini pana mkono, na mikono miwili inakutana mbele, penye kalamu. Mota zikienda mwendo mmoja, kalamu hurudia umbo lile lile mpaka karatasi itoboke. Moja ikichelewa kidogo tu, kila mzunguko huangukia kando ya uliotangulia, na ukisubiri unapata ua la mistari mingi iliyosukana ambalo mkono wa mtu hauliwezi. Mota niliziagiza Nairobi, zikaja kwa basi hadi Mokowe na boti hadi Amu. Zilikuwa za stepa, yaani zinazozunguka hatua kwa hatua, hatua 200 kwa mzunguko, uso wa milimita 42, matundu ya skrubu yameachana milimita 31. Vipimo hivyo ami alivitaka hata kabla sijaketi.

Ami yangu ni fundi wa milango na makasha, ana karakana katika vichochoro vya Langoni. Nilimpelekea mchoro wa sanduku la plastiki angavu pande zote, maana nilitaka kila kitu kionekane: mota, nyaya, taa za saketi. Nikamwonyesha kwenye simu picha za mashine za Jean Tinguely, yule msanii wa Uswisi aliyeonyesha mashine zake za kuchora mjini Paris mwaka 1959, vyuma na mikanda vyote viko nje. Ami alizitazama kwa makini, akanirudishia simu.

"Huko kwao hakuna paka?"

Tukabishana mpaka chai ikapoa. Kwake yeye kasha ni la kufungwa, na anayetaka kuona zilizo ndani ataomba afunguliwe. Kwangu mimi, kuificha mota ni kuwafanya watu wadhani kuna jini ndani. Mwishowe tukagawana: chini kwa ami, juu kwangu. Chini liwe sanduku la mbao, mota zining'inie ndani yake, mihimili yake, vile vijiti vya chuma vinavyozungusha sahani, itokeze kwenye ubao wa juu. Juu ya ubao, mikono na karatasi vifunikwe kwa kioo chenye bawaba.

Mbao zilikuwa vipande vya mbambakofi vilivyobaki kwenye fremu ya mlango. Ni mti mzito, na huo uzito ndio tuliouhitaji. Kwenye plaiwudi nyembamba ya mwanzo ubao wote ulitikisika kila mikono ilipogeuza njia, na mistari ikatoka na vijimawimbi. Mimi siku zote nililaumu kalamu. Ami aliweka kidole juu ya plaiwudi mashine ikiwa inakwenda, akasema, "Kalamu haina neno. Mezaye ndiyo itetemekayo."

Jambo la pili alilolishika sikulitegemea kwa mtu asiyejali umeme. Aliniuliza umbali kati ya mihimili miwili ni lazima ubaki vile vile, au unaweza kucheza? Nikamwambia ukicheza, umbo linabadilika. Basi akaugeuza ubao. Mbao hunywa unyevu zikavimba kwa upana, ila kwa urefu, kufuata nyuzi zake, karibu hazibadiliki. Akazipanga mota mbili kwenye mstari wa nyuzi, ili masika yakija ubao uvimbe upendavyo na mihimili isiachane. Kifuniko cha chini nacho hakukitia gundi. Alikichomeka kwenye mfereji na kukiachia nafasi, kama anavyofanya kwenye milango. Skrubu za sanduku zote alitaka za shaba. Chuma hapa, kwa hewa ya chumvi, ni kutu tu.

Joto lilitusumbua zaidi. Mota ya stepa hula umeme hata ikiwa imesimama, kwa kuwa lazima ishikilie mahali pake, na ndani ya mbao nzito joto hilo halina pa kwenda. Nilitaka kutoboa safu ya matundu kwa drili nimalize. Ami akaniangalia kama niliyetaka kula pilau kwa kisu. Alichukua bikari, akapiga duara ndani ya duara, yale maua ya bikari yanayoonekana kwenye milango ya Kibajuni, kisha akayatoboa kwa patasi, majani matupu, nyuzi za ua zimebaki. Ua moja chini ubavuni, jingine juu upande wa pili: hewa baridi iingie huku, ya moto itokee kule. Nikapima kwa mkono. Mota ilibaki vuguvugu.

Tulipowasha, sanduku likavuma. Kila hatua ya mota iligonga ubao na mbao ikaijibu, hata jirani akauliza tunasaga nini. Nilianza kwa umeme: bodi ya kuendesha mota huweza kuigawa kila hatua mara 16, zikawa hatua 3200 kwa mzunguko, na mlio ukapungua sana. Uliobaki ami aliumaliza kwa kandambili. Pwani kandambili zilizotupwa na bahari haziishi. Alikata soli vipande vinne, akavigandisha chini ya miguu ya sanduku. Nilitaka kuweka vingine kati ya mota na ubao, akakataa. Mota ikikaa juu ya mpira itayumba, na mstari utayumba nayo.

Shangazi, ambaye hushona kofia, alikuja kuiona. Alifuata kalamu kwa macho muda mrefu, akauliza kama inaweza kuchora juu ya kitambaa. Nikamwambia tujaribu kwa penseli.

"Lakini si hilo," akasema, akielekeza ua langu la mistari mingi nililojivunia. "Hilo nani atalitoboa vitundu? Nipunguzie."

Nikaweka mota moja izunguke mara tatu na nyenzake mara mbili. Likatoka umbo jepesi, lenye nafasi za sindano. Shangazi alilichukua, akaondoka na penseli yangu pia.