Kovu la Paja la Kushoto

Jana jioni mwanangu alivua viatu mlangoni, akakung'uta soksi, punje nyeusi za mpira zikatapakaa sakafuni. Nikainama kuzifagia. Matairi yaliyosagwa, yale yanayomwagwa kwenye viwanja vya nyasi bandia, yana harufu yake, hasa yakitoka juani, na ile harufu ikanirudisha kwenye mechi ile.

Nilikuwa beki wa kulia, na nyasi bandia nilikuwa sijawahi kuzikanyaga. Kipindi cha kwanza chote ninachokumbuka ni joto. Lilipanda kutoka chini, likapenya soli za njumu. Nyasi za kweli hupumua maji zikajipoza. Plastiki haina maji ya kutoa, na siku ya jua kali uso wake huweza kupita nyuzi 60 za selsiasi.

Kisha winga wao akatanguliziwa pasi ndefu. Nilidhani mpira utadunda na kupoteza kasi kama nilivyouzoea. Ulidunda ukakimbia. Nikajirusha chini kwa paja la kushoto, mguu mbele. Kwenye nyasi zenye umande ningeteleza hatua tatu nzima. Pale niliteleza nusu hatua, ngozi ikanasa. Nilisikia sauti kabla ya maumivu: chwaa, kama kiberiti kikiwashwa. Nikatazama. Sehemu ya upana wa kiganja ilikuwa nyeupe kabisa, halafu vitone vyekundu vikaanza kuchomoza, kimoja, kingine, na katikati yake punje tatu nyeusi zimenata. Mpira nilikuwa nimeutoa nje. Nikainuka nikacheza mpaka mwisho, tukafungwa moja bila.

Usiku shuka liligandana na kidonda. Asubuhi nililibandua kwa maji ya uvuguvugu, sentimita baada ya sentimita.

Ndiyo maana wachezaji walipowasilisha malalamiko mwaka 2014, wakipinga Kombe la Dunia la wanawake la 2015 kule Kanada kuchezwa lote kwenye nyasi bandia ilhali la wanaume halijawahi kuchezwa hivyo, sikuhitaji kuelezwa. Sydney Leroux wa Marekani alikuwa ameshaonyesha picha ya miguu yake iliyochubuka. Nilikijua kidonda kile. Malalamiko yaliondolewa Januari 2015, na michuano ikachezwa juu ya plastiki.

Lakini mwanangu hajawahi kurudi nyumbani analia kwamba mechi imeahirishwa kwa sababu ya mvua. Mimi nililia mara nyingi. Uwanja wetu wa nyasi ulikuwa ukinyeshewa siku mbili unageuka tope, tunafungiwa wiki nzima. Yeye anacheza kila siku, na miguu yake ina ufundi ambao yangu haikuwahi kuwa nao. Siwezi kumwambia aache.

Kesho ana mechi palepale. Nimemwekea kwenye begi bukta ya kubana inayofika magotini, na kopo la mafuta ya mgando ajipake mapajani. Akaniuliza, "Mama, haya ya nini?"

Nikapandisha gauni kidogo, nikamwonyesha.