B12 ya Mama: Siano, Methili au Hidroksi?

Mama yangu ametumia metformini kwa zaidi ya miaka kumi kwa sababu ya kisukari, na mwaka jana alianza kulalamika kwamba nyayo zinamfa ganzi. Sikulitilia maanani vya kutosha mpaka siku kandambili moja ilipomvuka njiani akitoka uani, naye akaingia ndani bila habari, hadi mjukuu wake alipomletea mkononi. Daktari aliagiza kipimo cha damu, na vitamini B12, ambayo mishipa ya fahamu huihitaji, ikaonekana iko chini sana. Metformini hupunguza uwezo wa utumbo kufyonza vitamini hii, na kwa kuwa ini hutunza akiba ya miaka kadhaa, upungufu huja kimyakimya.

Alianza kwa sindano, kisha akaandikiwa vidonge vya mikrogramu 1000. Dukani nikawekewa mezani pakiti za aina mbili za B12, moja ya sianokobalamini na nyingine ya methilikobalamini, ambayo bei yake ilikuwa karibu mara tatu ya ile ya kwanza. "Chukua hii ya methili, dada," akaniambia muuzaji, "hiyo nyingine ina sianidi ndani yake." Niliondoka bila kununua, nikaenda kusoma.

Ni kweli kwamba sianokobalamini imeshikana na chembe ya sianidi, ile sumu, na ndiyo inayoifanya iwe imara, idumu rafuni na iuzwe kwa bei nafuu. Lakini kidonge kizima cha mikrogramu 1000 hubeba takriban mikrogramu 20 tu za sianidi. Sisi tuliokulia kwenye ugali wa muhogo tuna kipimo kizuri cha kulinganishia: kiwango cha kimataifa cha usalama huruhusu hadi miligramu 10 za sianidi katika kilo moja ya unga wa muhogo, yaani gramu 100 za unga uliokubalika zinaweza kuwa na mikrogramu 1000, mara hamsini ya kilichomo kidongeni. Mwili wenye figo nzima huiondoa bila taabu. Kwa mgonjwa wa figo ndipo ninapoona sababu ya kumuuliza daktari kama aina nyingine ingefaa zaidi.

Sifa ya methili, kwamba "inafanya kazi moja kwa moja", ndiyo iliyonisumbua zaidi, kwa sababu inasikika kuwa ya kweli. Seli hutumia B12 katika maumbo mawili: la methili, linalosaidia kugeuza homosisteini kuwa methionini (zote mbili ni asidi amino), na la adenosili, linalofanya kazi ndani ya mitokondria, sehemu za seli zinazozalisha nguvu. Hata hivyo, aina yoyote unayomeza, ikishaingia kwenye seli, huvuliwa kwanza kile ilichoshikana nacho, iwe siano au methili, kisha seli yenyewe huunda umbo inalolihitaji. Kwa hiyo ile methili uliyoilipia ghali huachwa mlangoni. Isitoshe, methilikobalamini huharibika upesi ikipigwa na mwanga.

Hidroksokobalamini, aina ya tatu, ndiyo iliyokuwa kwenye sindano za Mama, na sitasahau rangi yake, nyekundu kama juisi ya rosela, wekundu unaotokana na kobalti iliyo katikati ya molekuli pamoja na pete inayoizunguka. Hukaa mwilini muda mrefu kuliko siano, na nchini Uingereza wagonjwa wengi huchomwa mara moja tu kila miezi miwili au mitatu baada ya dozi za mwanzo. Hiyo hiyo, kwa dozi kubwa, hutumika kuwatibu watu waliodhurika kwa sianidi, kwani huinasa na kugeuka sianokobalamini, ambayo hutoka kwa mkojo.

Kwa vidonge, ninavyoona mimi, kiasi kina uzito kuliko aina. Njia ya kawaida ya utumbo hubeba mikrogramu moja na nusu hadi mbili kwa mlo mmoja, na kinachozidi hapo hupenya chenyewe kwa kadiri ya asilimia moja. Katika mikrogramu 1000, hiyo ni kama kumi, wakati mtu mzima anahitaji 2.4 kwa siku.

Nilirudi kununua siano. Kipimo cha miezi minne baadaye kilionyesha B12 imepanda vizuri. Nyayo za Mama zimepata hisia tena, ila vidole viwili vya mguu wa kushoto bado vina ganzi, na daktari ametueleza kwamba mishipa ya fahamu iliyokaa na upungufu muda mrefu huenda isipone yote.