Tulivyopanga Mwaka Mzima wa Chama Chetu cha Wanafunzi

Nilipochaguliwa kuwa katibu wa chama chetu cha wanafunzi, jukumu la kwanza lililoniangukia lilikuwa kuandaa mpango wa mwaka. Kabla ya kuitisha kikao niliomba mafaili ya viongozi waliotutangulia, nikayasoma yote: mihtasari ya vikao, bajeti, barua za kuomba ukumbi, taarifa zilizosomwa kwenye mikutano mikuu. Kila shughuli iliyofanyika kweli niliiwekea alama. Jambo moja likawa linajirudia. Zilizofanyika ni zile zilizokuwa na jina la mtu mbele yake. Palipoandikwa “kamati itashughulikia”, mara nyingi sikukuta taarifa yoyote baadaye.

Kikao cha kwanza cha kamati tendaji hatukugusa malengo kabisa. Tulitandaza kalenda ya masomo mezani tukaanza kukata. Tulikata wiki za mitihani na zile za kujisomea zinazoitangulia, wiki za usajili ambapo wengi bado hawajaripoti, likizo, sikukuu, na kipindi ambacho wanafunzi wa mwaka wa mwisho wanahangaika na tafiti zao. Wiki zilizobaki zilikuwa chache kuliko alivyodhani yeyote kati yetu. Mwaka 1979 wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky waliandika kwamba watu hukadiria kazi kwa muda mfupi kuliko inavyohitaji, hata pale wanapojua kwamba kazi kama hizo huko nyuma zilichelewa. Walishauri mtu atazame kazi zinazofanana na yake zilichukua muda gani, asitegemee makadirio yake peke yake. Sisi mafaili tulikuwa nayo, kwa hiyo tuliweza kuona barua ya ukumbi ilijibiwa baada ya muda gani na fedha zilitoka lini tangu ziombwe. Muda huo ndio tuliouingiza kwenye mpango.

Baada ya hapo tukawaendea wanachama. Ukimuuliza mwanachama “mwaka huu tufanye nini?” atakutajia matukio: bonanza, semina, ziara, usiku wa vipaji. Si mabaya hayo, ila hayakwambii chama kinakwenda wapi. Tukauliza vingine: mwaka ukiisha, ungependa nini kiwe kimebadilika kwako au kwa wenzako? Majibu yalinigusa. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza walisema walijiunga siku ya usajili, wakalipa ada ya uanachama, kisha hakuna aliyewatafuta tena. Wengine walitaka msaada wa masomo kutoka kwa waliowatangulia. Wengine walitaka chama kitoke nje ya chuo kikafanye jambo lenye manufaa kwa watu wengine.

Tukaandika malengo matatu tu. Nilisimamia idadi hiyo kwa nguvu, na bado naamini ilikuwa sahihi, kwa sababu wiki tulikuwa tumeshazihesabu. Katika kuyaandika tulifuata vigezo vya George Doran, aliyeviandika mwaka 1981 kwa ajili ya mameneja: lengo liwe bayana, lipimike, lijulikane nani atalifanya, liwe la uhalisia, na liwe na muda wake. Orodha nyingi zinazofundishwa siku hizi zimeacha kile kigezo cha nani atafanya na kuweka kingine mahali pake. Kwetu hicho ndicho kilikuwa muhimu kupita vyote, mafaili yalishatuonyesha. Doran mwenyewe alionya pia kwamba si lazima kila lengo litimize vigezo vyote vitano, na onyo hilo lilitupunguzia ubishi mwingi.

Lengo la kwanza, kwa mfano, lilisomeka hivi: zaidi ya nusu ya wanachama wapya wawe bado wanahudhuria katikati ya muhula wa pili, na msimamizi ni makamu mwenyekiti. Kipimo chake ni daftari la mahudhurio. Hatukuhitaji kitu kingine.

Lengo la huduma kwa jamii ndilo lililotufundisha zaidi. Wanachama walichagua uchangiaji damu, na pendekezo lilikuwa tufanye tukio moja kubwa tarehe 14 Juni, Siku ya Wachangia Damu Duniani, ambayo ni siku aliyozaliwa Karl Landsteiner mwaka 1868, yule aliyegundua makundi ya damu. Tarehe nzuri, ila kwetu iliangukia kwenye mitihani. Tulipokwenda kuzungumza na wahudumu wa benki ya damu, shauku ya tarehe ile ikaisha yenyewe. Walitueleza kwamba chembe nyekundu zikihifadhiwa vizuri hudumu takriban wiki tano au sita, na chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, siku chache tu. Damu nyingi ikipatikana siku moja haimsaidii mgonjwa atakayeihitaji baada ya miezi minne. Tena mtu akichangia anapaswa kusubiri wiki nane au zaidi, kulingana na utaratibu wa mahali, ndipo achangie tena. Basi tukaligawa tukio: dogo moja kila muhula, katika wiki ambazo wahudumu wenyewe walisema uchangiaji hupungua. Wale waliochangia muhula wa kwanza waliweza kurudi muhula wa pili, na kweli wapo waliorudi.

Tangu hapo, kila mtu akileta pendekezo la kuadhimisha siku fulani ya kimataifa, swali langu lilikuwa moja: hao tunaotaka kuwasaidia wanalihitaji jambo hili siku hiyo?

Upande wa ratiba tulichora jedwali kubwa la aina aliyoieneza mhandisi Mmarekani Henry Gantt miaka ya 1910, kazi zikiwa pembeni na wiki juu. Tulipanga kwa kurudi nyuma kutoka siku ya tukio: tangazo, uthibitisho wa mgeni, fedha, ukumbi, sahihi ya mlezi wa chama. Kwenye bajeti mweka hazina alitenganisha fedha tulizo nazo na zile tunazozitarajia kwa wafadhili, na shughuli za malengo matatu zikapangwa kwa zile za mkononi pekee. Kila shughuli ilipewa msimamizi mmoja na msaidizi mmoja, na msaidizi alikuwa lazima awe wa mwaka wa chini kuliko msimamizi.

Muhula wa kwanza ulipoisha tulikaa tena na lile jedwali. Masomo ya kusaidiana yalikwenda vizuri kupita matarajio, wanafunzi wakawa wanaomba vipindi vya ziada kabla ya mitihani. Waalimu wao, yaani wanachama wa miaka ya juu, walikuwa walewale tuliowategemea kwenye mashindano ya mdahalo. Tukaamua kuyaondoa mashindano. Aliyekuwa akiyasimamia aliumia, na ninaelewa, kwa kuwa alikuwa ameyafanyia kazi kwa moyo. Nilikaa naye pembeni nikamwonyesha majina ya watu na wiki zilizobaki. Hakufurahi, ila alikubali kusimamia vile vipindi vya ziada, na uwezo wake wa kupanga watu ukaonekana huko.

Makabidhiano tuliyaweka ndani ya mpango tangu mwanzo, yakiwa na wiki zake kama shughuli nyingine yoyote. Vyama vingi hufanya uchaguzi mwishoni kabisa, viongozi wa zamani wakiwa wameshaanza kufunga mizigo. Sisi tuliomba mkutano mkuu usogezwe mapema, akidi ikatimia, na viongozi wapya wakawa na muda wa kufanya kazi nasi bega kwa bega. Wengi wao walikuwa wale wasaidizi. Faili walilopokea lilikuwa na jedwali, daftari la mahudhurio, risiti, mawasiliano ya ukumbi na benki ya damu, na sababu za kila tulichokiondoa. Kazi ya mwisho niliyofanya na mweka hazina ilikuwa kwenda benki pamoja na wenzetu wapya kubadilisha sahihi za akaunti, ili muhula mpya ukianza waweze kutoa fedha bila kututafuta.