Kujihesabu kila jioni, namna ninavyofanya mimi

Watu wengi ukiwaambia jioni kaa ujitafakari wanachoelewa ni kulala chali unaangalia dari na kuanza kuwaza, hela ya kodi, maneno aliyosema wifi, yule mliyesoma naye ambaye sasa kajenga, mpaka saa nane usiku macho makavu. Hiyo sio tafakari jamani, hayo ni mawazo tu, na mawazo ya hivyo hayajengi mtu. Mi naamini kabisa kujitafakari kila siku kunabadilisha maisha, nimeona kwangu na nimeona kwa watu wangu wa karibu, ila kuna namna ya kufanya na kuna namna ambayo ni kujitesa, na ndo maana nimekaa niandike.

Kazi yangu ni uwakala wa hela za simu, nina kibanda huku Mbagala, Dar es Salaam. Anayefanya kazi hii anajua, kabla hujashusha bati jioni lazima ufunge hesabu, unahesabu keshi, unaangalia floti, yaani salio la kazi kwenye simu, unajumlisha, inatakiwa ije sawa na mtaji ulioanza nao asubuhi. Ikipungua elfu ishirini kulia hakusaidii na kujiita mjinga hakusaidii, unafungua daftari la miamala unapitia mstari mmoja mmoja na meseji zake, mpaka unafika pale saa tisa na robo kwenye foleni, yule kaka wa bodaboda alitoa elfu thelathini akapewa hamsini. Basi, ushajua. Kesho foleni ikijaa unahesabu noti mara mbili kabla hujazitoa dirishani. Kuipitia siku yako nako kunatakiwa kuwe hivohivo, unatafuta ule mstari ambapo kitu kilitokea, mstari mmoja, hutafuti kujua wewe ni mtu wa aina gani duniani.

Na hili sio jambo lililoletwa na mitandao juzi. Sisi tuliopita madrasa tumelisikia toka wadogo, muhasaba, yaani kuihesabu nafsi yako, na ile kauli ya Sayyidna Umar ibn al-Khattab, khalifa wa pili wa Waislamu, zihesabuni nafsi zenu kabla hamjahesabiwa. Majirani zangu Wakatoliki nao wana kwao, Ignasi wa Loyola, huyu aliyeanzisha shirika la Wajesuiti lililokubaliwa na Papa mwaka 1540, aliwafundisha wenzake kujichunguza mchana na tena usiku, na akawaelekeza wachore mistari kwa kila siku ya wiki, unachagua kosa moja, kila ukilifanya unatia nukta, halafu unalinganisha mstari wa leo na wa jana, wiki hii na wiki iliyopita. Kosa moja tu! Hapo ndo nilipompendea, maana wengi tunataka kuacha hasira na uvivu na kuongea sana na matumizi mabaya yote kwa mpigo kuanzia Jumatatu, na ikifika Alhamisi hakuna lililobaki. Halafu kuna Seneca, mwanafalsafa wa Kirumi aliyefariki mwaka 65 baada ya Kristo, yeye anasimulia kwamba taa ikishaondolewa na mke wake akishanyamaza, maana mke anaijua tabia yake, anaipitia siku yake nzima hajifichi kitu, na akikuta kosa anajiambia angalia usirudie tena, safari hii nakusamehe. Neno la kusamehe lipo pale pale kwenye hesabu, na mi naona bila hilo mtu hawezi kuendelea na zoezi hili hata mwezi, kila jioni atakuwa anaenda kwenye daftari kama anaitwa polisi.

Sasa namna yenyewe. Naandika, siwazi tu kichwani, na naandika kwenye kaunta buku kwaya moja na peni ya kawaida, kwa sababu simu nikiishika usiku meseji zinaingia na ndo basi tena. Naandika palepale kibandani nikishafunga hesabu, kabla sijashusha bati, na hii ni muhimu kuliko watu wanavyodhani, mazoea mapya yanataka kuegeshwa kwenye kitu ambacho tayari unakifanya kila siku, iwe ni baada ya Isha, iwe ni mtoto akishalala, iwe ni ukishateremka kwenye daladala. Ukisema tu nitafanya nikipata muda, muda haupatikani. Kuna watafiti wa chuo cha University College London, wakiongozwa na Phillippa Lally, walifuatilia watu 96 wanaojaribu kujenga mazoea mapya madogomadogo, majibu yakatoka 2010, wastani ilichukua siku 66 kabla jambo halijaanza kufanyika lenyewe, lakini kuna waliokadiriwa siku 18 tu na kuna waliokadiriwa 254, kwa hiyo zile habari kwamba mazoea yanajengeka kwa siku 21 usizibebe sana, na kuruka siku moja hakukuharibu kitu. Mi siku za sikukuu na siku za msiba siandiki, na sijisumbui kufidia.

Kinachoandikwa ni kifupi mno. Kilichotokea, mimi nikafanya nini, kesho nifanye nini. Nawawekea mmoja kama ulivyo: "Mama wa mbogamboga kaja saa kumi kutuma ada ya mtoto, kauliza makato mara mbili, nikamjibu kwa mkato akaondoka kanuna. Sijala toka asubuhi. Kesho nile saa saba hata kama ni chapati mbili na maharage, na nimpigie salamu akipita." Yamekwisha, hata dakika tano hazifiki. Angalia hakuna pale kwa nini mimi niko hivi, kwa nini sibadiliki. Swali la kwa nini, usiku umechoka, linakuletea jibu moja tu siku zote, kwa sababu ndivyo nilivyo, na jibu hilo halina kazi asubuhi. Swali la nini linakuletea chapati. Mwanasaikolojia wa Marekani, Susan Nolen-Hoeksema, alitumia miaka mingi kuchunguza hii tabia ya kuzungusha huzuni kichwani, unajiuliza mbona mimi, mbona mimi, na alichoona ni kwamba wanaofanya hivo ndo wanaokaa na huzuni muda mrefu zaidi. Kwa hiyo ukiona zoezi lako la jioni linakuacha umejikunja zaidi ya ulivyoanza, usijilazimishe kuendelea kwa namna ileile, badilisha swali.

Lakini faida yenyewe hasa, ile ambayo watu hawaielezi, haipo kwenye kuandika, ipo kwenye kusoma ulichoandika. Jumapili mchana kibanda kinakuwa kimepoa, nafungua nasoma wiki nzima mfululizo na peni nyekundu mkononi. Jambo la Jumanne peke yake halikuambii kitu, leo umemjibu mtu vibaya, sawa, binadamu. Ila ukiyaweka pamoja unaona, ah, majibu yote ya mkato yapo kati ya saa tisa na saa kumi na moja, na yapo siku ambazo sikula, na siku ambazo dada aliniletea chakula hakuna hata moja. Miaka yote mtu unajiita una hasira za kuzaliwa, kumbe ni njaa! Kitu kama hicho huwezi kukijua kwa kuwaza, kumbukumbu ya kichwani inachagua, inashika yale makubwa na yale ya jana, haiwezi kukuonyesha kitu kidogo kinachojirudia. Na mazuri vilevile yanajirudia, mi nimegundua siku nikitembea kwa miguu toka stendi badala ya kupanda bajaji naandika maneno mengi mepesi, mpaka mwandiko unabadilika. Kwa hiyo andika na mazuri, kila siku angalau moja, sio kwa kujipongeza, ni kwa sababu bila hayo utakuwa unasoma nusu ya maisha yako ukidhani ndo yote.

Kuna jambo linahitaji tahadhari. Yapo mazito, msiba, ndoa iliyovunjika, kitu ulichofanyiwa utotoni, na haya yakija kwenye daftari yasikushtue, lakini usiyafanye ya kila jioni. Watafiti wa Marekani, James Pennebaker na Sandra Beall, kwenye utafiti uliotoka mwaka 1986 waliwapa wanafunzi wa chuo kazi ya kuandika kuhusu mambo yaliyowaumiza, dakika 15 kwa siku, siku nne tu zinazofuatana. Siku za kuandika wenyewe walijisikia vibaya zaidi, ila miezi iliyofuata walioandika tukio na hisia zao pamoja walipungua kwenda zahanati ya chuo. Siku nne halafu wakaacha. Na yapo mambo daftari halitoshi kabisa, hayo tafuta mtu, shangazi unayemwamini, shehe, padri, mshauri hospitali, usikae nayo peke yako ukaita ni kujitafakari.

Mwisho niseme kuhusu usiri, maana wanawake wenzangu wananiuliza sana hili, kwamba wakiandika mtu akisoma itakuwaje. Mi mume wangu anajua daftari lipo na tumekubaliana halisomwi, jambo likimhusu yeye namwambia kwa mdomo, sio alikute kwenye karatasi. Kama nyumbani kwako makubaliano hayo hayawezekani, usiandike majina, weka herufi au alama unayoijua mwenyewe, na daftari likae kazini au kwenye mkoba wako. Langu linakaa kwenye kidroo cha keshi, kina funguo na funguo ninazo mimi. Likijaa nanunua jingine, kurasa mbili za mwanzo nahamishia yale machache yaliyonisaidia, la zamani nalichana nalichoma na takataka.