Namna nilivyopima laptop ya kazi kabla ya kutoa dola zangu hapa Lubumbashi

Mimi niko topografe, napima marundo ya madini na mashimo ya migodi kwa droni upande wa Likasi na Kolwezi, picha zinaingia kwa Metashape (programu ya kuunganisha picha) zinatoka ramani na mita za ujazo. Mteja analipa kontrakta wake kwa kufuata hizo namba, sasa mashini ikikwama usiku na ripoti inangojewa asubuhi, hiyo ni pesa ya watu wengi imesimama. Ile yangu ya zamani iko na RAM ya GB 16, picha zikiwa nyingi inakufa katikati. Nikaanza kutafuta wokstesheni ya kubeba, yaani laptop ya kazi nzito, na kwa bajeti yangu ilibidi iwe ya mtumba, zile zinatoka kwa makampuni ya Ulaya.

Muuzaji mjini alikuwa na mbili, moja nyembamba inang'aa, nyingine ThinkPad P15 Gen 2, nene kabisa. Akaniambia, "Papa, zote ziko na A2000, chukua hii nyepesi." Kweli A2000 ni kadi ya grafiki na jina ni moja, lakini watu wengi hawajui hili: RTX A2000 ya laptop, mtengenezaji anaweza kuibana kwenye wati 35 ama kuiachia mpaka 95, na karatasi ya dukani haisemi. Nikamwambia, "Ndugu yangu, acha zifanye kazi kwanza."

Nilikuwa nimekuja na diski yenye mradi wangu mwenyewe, picha halisi za rundo, na Metashape inatoa majaribio ya siku 30 bure kwa hiyo hakuna cha kuiba. Nikaziwasha zote pamoja, programu ya HWiNFO pembeni kuangalia joto na wati. Mwanzoni zilienda sawa, hata ile nyembamba ilitangulia kidogo, muuzaji akafurahi, mimi nikakaa tu nikangoja juu kazi yangu haiishi kwa dakika tano, inaenda masaa. Baadaye prosesa ya ile nyembamba ikagonga karibu digrii 100, ikaanza kupunguza kasi yenyewe, feni zinalia, na ile nene inaendelea vile vile. Kwangu hapo ndipo bei inapojulikana, si kwa jina la prosesa, i7 wala i9, lililobandikwa pale mbele.

P15 inakubali RAM mpaka GB 128, sehemu nne za kuchomeka, unaanza na 32 unaongeza pesa ikija. Na iko na namba pembeni ya kibodi! Kibodi zetu hapa ni AZERTY, namba za juu zinataka Shift, na sisi kwa koodineti za ramani tuko UTM (mfumo wa kugawa dunia kwa kanda) kanda ya 35 Kusini, ile koodineti ya kaskazini ni tarakimu saba inaanza na 8, jaribu kuandika hizo kwa AutoCAD, programu ya kuchora, siku nzima bila zile namba za pembeni, utachoka vidole.

Mtumba pia uko na mtego wake. Ingia BIOS, ile mipangilio ya ndani kabla ya Windows (kwa ThinkPad unabonyeza F1 ikiwaka), kama inadai paswedi ya supavaiza ambayo muuzaji hana, rudisha hapo hapo, dawa rasmi ni kubadilisha mazabodi. Halafu sema waweke Windows upya mbele yako na intaneti ikiwa wazi, maana kuna zile bado zimeandikishwa kwa kampuni ya zamani, ukimaliza kuweka inakuuliza akaunti ya mfanyakazi wa huko.

Bateri niliipima kwa powercfg /batteryreport, inakupa wat-saa za kiwandani na za sasa. Ya kiwandani ni 94, yake ilikuwa imeshuka sana, nikatumia hiyo kushusha bei na akakubali bila kelele.

Kitu kimoja bado kinahitaji mpango: shaja. Hii P15 inakuja na ya wati 170 ama 230 kufuatana na kadi, na moto ya SNEL (kampuni yetu ya umeme) ikienda huwezi kuitegemea bateri kwa kazi nzito, kadi inashuka nguvu ukichomoa. Kwa hiyo kwenye gari nimeweka konvertisa ya wati 500, inayogeuza umeme wa bateri ya gari uwe kama wa nyumbani, ile ya kuchomeka kwa sigareti haifai, nimeifunga moja kwa moja kwa bateri ya gari na fyuzi yake, na injini inabaki inaunguruma. Njiani ya Kolwezi picha zinaanza kuchakatwa kabla hatujafika nyumbani.